Visanduku Vitatu

Fomu ya serikali ina visanduku vitatu:
ndama, jike, dume.
Kijana aliyeletwa nayo kutoka Oslo, Sindre,
ameibana kwenye ubao. Wino umeganda,
anaipumulia kalamu
kama anayefufua kinda la ndege.

Ni Januari, saa nne asubuhi,
jua halijatoka wala halitatoka.
Kuna ubuluu tu juu ya theluji,
na kulungu mia nne wanalizunguka zizi,
vifundo vya miguu vikialika, tik, tik, tik,
duka zima la saa, na kila saa ina wakati wake.

Sindre anaona pembe, anaandika *dume*.
Mjomba Jovnna anacheka hadi kikohozi kinamkamata.
Madume walishaangusha zao kabla ya Krismasi, mwanangu.
Unaowaona na pembe leo
wengi wana mimba.
Sindre anafuta. Karatasi inatoboka.

Mama, Rávdná, yuko langoni, kamba begani,
anamtaja kila apitaye bila kupaza sauti,
kama anayewakaribisha wageni kwa majina ya baba zao:
miessi, bado hajamaliza baridi yake ya kwanza;
vuonjal, mtamba, anakanyaga kama sakafu si yake;
áldu, mbuguma, na mwanawe ubavuni;
rotnu, aliyepumzika mwaka huu, usimlaumu;
stáinnat, tasa, mnene, manyoya yanang'aa,
hajawahi kuamshwa usiku na mtu.
Heargi ni maksai wa sleji. Huyo tunamjua kwa harufu.

Dume, kila mwaka humpa jina jipya.
Wa miwili ana lake, wa mitatu lake,
wa minne, wa mitano, wa sita.
Akitimiza saba anaitwa nammaláhppu:
aliyepoteza jina.
Si kwamba wamemsahau.
Maneno yamekwisha, naye bado anatembea.
"Ndiye mimi huyo," asema Jovnna,
na hakuna anayembishia.

Mimi niliondoka mdogo, nikalelewa na bweni.
Nilirudi na lugha ya vitabuni,
ambayo ndani yake hawa wote ni kulungu,
ukipenda uongeze *mdogo*, uongeze *mkubwa*, basi.
Nilirudi Juni, kwa sababu ya simu.
Mtoto aliyezaliwa kwetu Mei
alikaa siku kumi na moja.
Nilimkuta mama anakuna sufuria
iliyokuwa safi tangu jana yake.
Nilichukua kitambaa, nikakausha.
Hatukusema kitu, na sijaondoka tena.

Sasa anapita jike mwenye pembe moja, ya pili imevunjika,
na nyuma yake kijana mzima, mabega yamempita umri,
anapiga magoti kwenye theluji
ili pua yake ifike chini ya tumbo
ambako maziwa hayapo.
Jike anasimama. Anamwacha atafute.

Mama anachelewa kutaja.
Kisha: "Čearpmateadni."

Jovnna anaangalia viatu vyake.
"Ndiyo nini hiyo?" anauliza Sindre.
Nikajisikia najibu, nami sikuwahi kufundishwa:
"Ni mama ambaye ndama wake wa masika yaliyopita alikufa,
na yule wa kabla yake akamrudia."

Sindre anavitazama visanduku vyake,
cha kwanza, cha pili, cha tatu, tena cha kwanza.
Si mtu mbaya. Pua inamtoka maji.
"Kwa hiyo... jike?"
"Jike," mama asema. "Andika jike."

"Na huyu anayemfuata?"

Mama hakumjibu.
Alinivua glavu moja, akanishikisha kikombe cha kahawa,
akanifunga vidole kukizunguka, kimoja kimoja,
akarudi langoni.

Miessi.
Miessi.
Rotnu.